Klachi Haili Haidroliki

Tangu nirudi, kila nikikaa kwa muuza kahawa hapa Kiwalani mtu ananiuliza, "Eti huko Njombe ulikwamia wapi?" Naanza kusimulia. Sijafika Chalinze, mmoja ananikatiza kwa habari za mpira, wa pili anataka kujua kama niliona theluji, na wa tatu ameshatoa hukumu kwamba kosa ni langu kwa kung'ang'ania gari la gia za mkono wakati watu wote wenye akili wanaendesha otomatiki. Basi nimeamua kuandika. Mkinikatiza humu, mtakuwa mnajikatiza wenyewe.

Kwa asiyejua, mama mkwe wangu, mama yake mke wangu Agnesi, ni Mbena wa Uwemba, mbele kidogo ya Njombe. Alikuja Dar miaka tisa iliyopita kumsaidia mke wangu na mtoto wetu wa kwanza, Zawadi. Kabla hajarudi kwao akaja wa pili, kisha wa tatu. Kila mwaka aliomba jambo moja tu, apelekwe akamwone dada yake Rozina. Na kila mwaka nilimjibu kupitia kwa mke wangu, "Mwambie mama mwakani. Gari halijakaa sawa."

Nasema kupitia kwa mke wangu kwa sababu mama huyu ameshika mila aliyolelewa nayo: mkwe wa kiume na mama mkwe hawasemezani ana kwa ana, hawakai karibu, na kula mbele yake ndiyo usithubutu. Sie watu wa Rufiji tuna heshima zetu, lakini hatujafika huko. Miaka tisa tumeishi nyumba moja yenye vyumba vitatu, na kila asubuhi shikamoo yangu ilijibiwa kwa kuliangalia dirisha.

Mwezi wa saba simu ikaja kutoka Uwemba. Dada Rozina hanyanyuki kitandani, na anamtaja mdogo wake kila siku. Mwakani haikuwepo tena. Basi nalo halikufaa, maana goti la mama halikunjiki na basi halisimami kila anapotaka kujinyoosha. Likabaki gari langu, ambalo kwa miaka tisa lilikuwa halijakaa sawa na sasa ghafla ilibidi likae.

Manzese, siku moja kabla

Nilimpelekea fundi wangu wa Manzese alitazame. Ni fundi mwenye kipaji cha pekee: anaweza kuchunguza gari zima huku akiongea na simu. Akakanyaga pedali ya klachi mara mbili, akafungua boneti, akachungulia kikopo kidogo kilicho karibu na kioo.

"Klachi yako ya haidroliki hii," akasema, simu iko sikioni. "Mafuta yameshuka. Kaongeze."

Hayo ndiyo maelezo yote. Nikavuka barabara hadi duka la spea, nikamwambia kijana wa kaunta kwa sauti ya mtu anayeyajua magari: "Nipe mafuta ya klachi. Ile ya haidroliki."

"Haidroliki?"

"Haidroliki."

Akanipa chupa ya mafuta mekundu, mazuri, yanang'aa kama sharubati ya rozela. Nikayamimina mwenyewe mpaka kwenye mstari, nikafunga kifuniko, nikajipongeza. Mwenye kuyajua magari ameanza kucheka hapa. Acheke taratibu, mie nilikuja kucheka baadaye sana.

Kiwalani mpaka Mikumi

Tuliondoka Jumamosi alfajiri, watu watatu. Mimi kwenye usukani. Mama nyuma, mguu ameunyoosha juu ya kiti, amevaa sweta mbili na kitambaa cha sufi kichwani ingawa Dar ilikuwa inatutoa jasho hata saa hiyo. Mbele kushoto kwangu alikaa shemeji yangu Festo, mdogo wake Agnesi, anayefanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja Mbezi Beach. Festo alipewa kazi mbili: kupokea simu za kutoka kijijini, na kuwa mdomo kati yangu na mama yake.

"Festo, mwambie mkwe apunguze mwendo," mama anasema, na mimi nimekaa mbele yake tu.

"Shem, punguza mwendo."

"Mwambie mama tuko kwenye foleni ya Kimara, hatujaanza hata kwenda."

"Mama, anasema tuko kwenye foleni."

"Nimesikia."

Ndivyo tulivyokwenda mpaka Chalinze. Nilipomuuliza Festo kama amebeba koti, akacheka. "Shem, baridi mie naijua. Mie naishigi kwenye kiyoyozi. Pale mapokezi tunawekaga kumi na nane." Alikuwa amevaa fulana yenye picha ya mnazi.

Klachi ilikuwa tamu. Pedali laini, inarudi yenyewe, na lile joto la Morogoro lilikuwa linaipikia hayo mafuta yangu mekundu yakawa mepesi kama maji. Mikumi tukakuta twiga wamesimama katikati ya barabara wakijadiliana jambo. Tukawasubiri dakika ishirini. Nikaingiza gia, nikatoa, nikaingiza tena, na kila mara nikawaza kwamba fundi wangu anaonewa bure na watu wanaomsema vibaya.

Ruaha Mbuyuni na Kitonga

Ruaha Mbuyuni tulisimama kula, na hapo mila ikanikaba koo. Kibanda kilikuwa kimoja, meza moja ndefu. Mama akaketi, Festo akaketi, mimi nikabaki nimesimama na sahani ya wali na kuku mkononi. Mwenye kibanda, mwanamke mwenye roho nzuri na sauti ya kutangazia msiba, akaniita: "Baba, kaa na mama yako ule!"

"Si mama yangu."

"Basi kaa na mkeo!"

Festo akapaliwa na mchuzi. Mama akajifunika kitambaa mpaka machoni. Mimi nikatoka, nikaenda kula nyuma ya kibanda, nimekaa juu ya gunia la vitunguu na mbuzi wawili wananiangalia. Kuku alikuwa mzuri, ila nililia kwa vitunguu tangu paja mpaka kidari.

Mlima Kitonga tukaupanda nyuma ya lori lililobeba mabomba, gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza tena. Huko ndiko nilikotarajia klachi initie aibu. Wapi! Ikafanya kazi kama mpya. Festo akasema gari hili ni la wanaume. Tulipofika juu, upepo ukaingia dirishani, na upepo ule haukuwa wa kwetu. Festo akapandisha kioo, akasema ni vumbi.

Mafinga

Tulifika Mafinga jua linazama, tukalala nyumba ya wageni yenye mablanketi manne kila kitanda. Nilidhani mwenye nyumba amekosea hesabu. Baada ya kuoga nikaenda kumwomba la tano.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe. Sikusema theluji, kwa hiyo msianze. Ilikuwa sakitu, umande ulioganda, na ukiikanyaga inalia chini ya kiatu. Festo alitoka na fulana yake ya mnazi, amejifunga taulo la nyumba ya wageni mabegani, midomo imekuwa ya kijivu. Sikumuuliza habari za kiyoyozi. Ninyi mnanijua, hapo nilijizuia sana.

Nikaingia garini, nikakanyaga klachi. Pedali ikashuka mpaka chini kwa uzito wa ajabu, na ikabaki huko huko. Nikaondoa mguu. Imelala. Nikainama nikaivuta kwa mkono, ikapanda kwa kujivuta kama mtu anayeamshwa siku ya mapumziko. Nikaikanyaga tena, ikalala tena.

Washauri wakakusanyika. Mmoja akasema betri. Wa pili, aliyekuwa anapita na baiskeli, akasema niuze. Mama lishe wa jirani hakusema kitu. Alikuja na birika la maji ya moto aliyochemshia chai, akauliza, "Hiyo chuma ya klachi iko wapi?" Nikamwonyesha masta, ile silinda ndogo inayokaa nyuma ya pedali, na akaimwagia maji taratibu kwa nje, birika zima. Tukangoja. Nikakanyaga. Pedali ikashuka, ikasita, ikarudi.

"Malori ya mbao tunayafanyiaga hivi," akasema. "Yenu imekula nini lakini? Mbona inaganda hivyo?"

Nikamwambia imekula vizuri, nimeijaza mwenyewe. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto anayesema amejinawisha. Klachi imekunywa chai kabla yetu, na sisi tukaondoka na viazi vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye gazeti. Vyangu nilivila nimesimama nyuma ya gari, mlango wa nyuma umefunguliwa unikinge.

Mafinga mpaka Makambako

Chai ile ilidumu kilomita thelathini. Kisha pedali ikalala tena, na safari hii hapakuwa na birika, palikuwa na misonobari tu kulia na kushoto. Nikajaribu kuiinua kwa ncha ya kiatu. Nikajaribu kuinama kuivuta kwa mkono huku naendesha, nikainua kichwa nikakuta lori la nguzo linakuja na dereva wake ameshaanza kusali.

"Festo," mama akasema nyuma, "mpe mkwe hii." Akavua kanga aliyojitanda juu ya sweta. "Afunge kwenye hicho kitu, wewe uwe unakivuta."

Tukaifunga kanga kwenye pedali, ncha ya pili akashika Festo. Utaratibu ulikuwa rahisi. Mimi nakanyaga, nabadili gia, nasema "vuta", Festo anainua pedali. Lakini klachi hairudishwi kwa pupa. Ukiiachia ghafla gari linaruka na kuzima. Na Festo alikuwa anavuta kwa nguvu za mtu anayepigwa baridi, mara anavuta kabla sijasema, mara nimesema "vuta" yeye yuko anapulizia viganja vyake. Tulizima mara sita. Nilihesabu, kwa sababu kila mara mama alivuta pumzi kwa sauti.

Makambako tukaingia saa tatu, Jumapili, kengele zinalia na mji mzima unaelekea kanisani. Tukampata fundi mmoja tu, mzee mfupi mwenye koti la jeshi na kofia ya sufi, aliyesema anasali jioni. Akafungua kile kikopo, akachovya kidole, akakitazama kidole chekundu kwa muda mrefu.

"Nani amekuwekea haidroliki humu?"

"Mimi," nikasema. "Klachi si ya haidroliki?"

"Ya haidroliki, ndiyo."

"Sasa?"

"Klachi ni ya haidroliki lakini haili haidroliki. Inakula mafuta ya breki." Akajifuta kidole kwenye koti. "Hayo mekundu ni ya usukani. Ninyi wa Dar mnayaita haidroliki, mkisikia na klachi ni ya haidroliki mnaona ni ndugu. Raba zake hizi hazipatani nayo, zimevimba, zinakaza ndani ya masta. Huko kwenu joto linakusaidia, mafuta mepesi, raba laini, pedali inajisukuma hivyo hivyo. Ukija huku mafuta yanakuwa uji, raba iliyovimba inakuwa ngumu, pistoni inashuka hairudi. Wewe si wa kwanza. Kila mwezi wa saba napata mtu wa Dar."

Neno moja tu, na nililitamka mara mbili kwenye kaunta kwa kujiamini kabisa. Nikamuuliza atatengeneza kwa muda gani. Akasema lazima afungue, aoshe, abadili raba, na raba ziko Njombe. Kesho mchana, Mungu akipenda.

Hapo simu ya Festo ikalia. Akasikiliza, akajibu Kibena maneno machache, akakata. Akamtazama mama yake kwanza, kisha mimi.

"Tangu jana hajala. Wanasema tukazane."

Mtaniuliza kwa nini hatukukodi gari. Festo alizunguka stendi nzima. Alirudi na habari za pikapu moja iliyokuwa inaelekea Njombe na nguruwe watatu, na nafasi ilikuwa nyuma, pamoja na hao watatu. Mzee fundi akatumwagia birika la maji ya moto, akakataa kulipwa, akasema tusizime injini mpaka tufike.

Makambako mpaka Njombe

Mlima wa kwanza tu baada ya Makambako, maji ya moto yakawa yameshapoa. Nikasema "vuta", Festo akavuta kama anayeng'oa mhogo, gari likaruka, likazima, likaanza kurudi nyuma. Nikabana breki. Nyuma yetu basi likapiga honi ambayo bado naisikia.

Kisha nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa. Mama alishuka na goti lake, akazunguka gari akishikilia bodi, akafungua mlango wa mbele.

"Festo. Toka."

"Mama, lakini..."

"Nenda nyuma."

Akaingia, akaunyoosha mguu, akaizungusha kanga mkononi mara mbili. Miaka tisa hajawahi kukaa karibu nami kiasi cha kunifikia kwa mkono. Nilikaza macho kwenye barabara kama mtahiniwa. Sikujua hata niseme "vuta" kwa sauti gani, unamwamrishaje mtu ambaye humtazami usoni? Nikawasha, nikakanyaga, nikaingiza gia, nikakaa.

Akangoja. Sikusema. Akangoja tena.

"Baba Zawadi," akasema, akitazama mbele. "Useme."

"Vuta, mama," nikasema.

Akavuta taratibu, kama anayepandisha ndoo iliyojaa kisimani asitake kumwaga. Gari likaondoka bila hata kutikisika. Festo huko nyuma, ndani ya taulo la wizi, akasema alikuwa karibu kulielewa.

Kilomita sitini tulikwenda hivyo. Baada ya mlima wa tatu sikuwa na haja ya kusema. Alikuwa anasikiliza injini. Mara nyingine yeye ndiye aliyesema, "Badilisha, inalia." Nilibadilisha. Mimi, mwenye leseni ya miaka ishirini, nilikuwa naelekezwa gia na mwanamke ambaye hajawahi kushika usukani, na alikuwa sahihi kila mara.

Karibu na Njombe askari wa barabarani akatusimamisha. Akainama dirishani, akaona kanga inatoka chini ya usukani mpaka mkononi mwa mama.

"Huyu bibi anafanya nini?"

"Ndiye klachi, afande."

"Unasema?"

"Mwanangu," mama akamwambia, "namuwahi dada yangu. Injini ikizimika hapa utatusukuma wewe."

Askari akautazama mlima uliokuwa mbele yetu, akapima na tumbo lake, akatupungia mkono tupite. Mama akavuta kanga. Mjini Njombe hatukusimama, na viazi vilivyobaki nilivila pale pale kwenye usukani, mbele yake, kwa sababu alinimenyea mwenyewe na kuniwekea mkononi. Sikuthubutu kumwangalia. Nilitafuna kimya kimya, kwa adabu yote.

Uwemba

Tulifika saa saba mchana. Dada Rozina alifariki siku ya tano, asubuhi, mdogo wake akiwa ameshika mkono wake. Nalisema hapa mapema ili msinikatize kwa pole kabla sijamaliza, na kwa sababu kilichonifanya niandike yote haya hakikutokea siku hiyo. Kilitokea siku tuliyofika.

Walikuwa wamemlaza jikoni, karibu na moto, ndipo penye joto. Alikuwa mdogo sana ndani ya mablanketi. Mama akaingia kwa goti lake, akakaa chini kando yake, wakashikana mikono muda mrefu. Mimi na Festo tukasimama mlangoni. Nilitaka kutoka, lakini kutoka ningewakanyaga watu waliokaa nyuma yetu, na kwa kweli sikuweza kuondoa macho.

Dada Rozina akasema jambo, sauti ndogo, kwa Kibena. Festo akanitafsiria sikioni, safari hii bila kuombwa.

"Anamuuliza mbona amekawia hivi. Anasema, miaka tisa anamngoja."

Nikatazama chini. Hakuna baridi ya Mafinga iliyonikamata kama swali hilo. Jibu nililijua, nyumba nzima ya Kiwalani inalijua, lilikuwa limesimama mlangoni na kofia mkononi. Mwakani, mama. Gari halijakaa sawa. Miaka yote ile gari lilikuwa linakwenda Manzese, Temeke, Kigamboni kwenye harusi za watu nisiowajua.

Mama mkwe akageuza kichwa. Akanitazama mimi usoni, moja kwa moja, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Kisha akamgeukia dada yake, na badala ya Kibena akajibu kwa Kiswahili, polepole, ili na mie nisikie.

"Ni klachi, dada. Gari lilitusumbua klachi."